Kovu Linalovuta: Usilivumilie, Usililazimishe

Niligundua siku ya kufua. Mama mdogo alikuwa na miezi miwili tangu atoke hospitali. Titi la kulia lilikuwa limeondolewa pamoja na mitoki ya kwapani, na kila aliyekuja kumjulia hali alijibiwa vilevile: "Namshukuru Mungu, nimepona." Asubuhi ile nikamwona uani akianika. Alirusha kanga juu ya kamba kwa mkono wa kushoto, akazunguka upande wa pili, akaivuta ncha kwa mkono uleule, akarudi tena upande wa kwanza kuinyoosha. Mkono wa kulia ulibaki umekunjwa kifuani, kiwiko kimebana mbavu.

Nikamuuliza kama unamuuma.

"Hauniumi," akasema. "Unavuta tu. Ni kama nimevalishwa blauzi ya mtoto, halafu ikashonewa humo humo mwilini."

Sijasikia maelezo bora ya hali hii kutoka kwa mtu yeyote, daktari au mgonjwa. Wanawake wengi waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya titi wanaijua blauzi hiyo, na wanaume wachache wanaopata saratani hiyo pia wanaijua. Wengi hawaisemi kliniki, kwa sababu waliambiwa la muhimu ni uhai, na uhai wanao. Wengine huchoka kuvumilia, wakamwita mtu mwenye mikono mizito aje awakande mpaka "kifundo kifunguke." Makala haya ni kwa ajili ya wote wawili, anayevumilia na anayelazimisha. Kovu la upasuaji hulainika kwa kazi ndogo ya kila siku, ikianza kwa wakati wake na ikifanywa kwa upole.

Kwa nini linavuta

Jeraha linapofunga, mwili haurudishi ngozi ileile iliyokatwa. Huziba pengo kwa nyuzi za kolajeni, na huziweka haraka bila mpangilio. Ukiwahi kumtazama mvuvi akiziba tundu la wavu kwa pupa utaelewa: tundu limezibwa, samaki hapiti, lakini macho ya jirani yamevutwa na wavu hautandaziki sawa. Ndivyo kovu linavyofanya kifuani na kwapani. Nyuzi zake hujishika na tishu za chini, ngozi ikakosa mahali pa kuteleza.

Habari njema ni kwamba kazi ya mwili haiishii siku ya kutolewa nyuzi za kushonea. Kovu huendelea kujipanga upya kwa mwaka mzima, mara nyingine hadi miwili. Katika muda huo nyuzi hufuata njia unazozizoesha. Ukiutembeza mkono, hujipanga kuelekea mkono unakokwenda. Ukiukunja kifuani miezi sita, zitajipanga hivyo hivyo. Kumbuka pia kwamba ngozi ya kovu haifikii uimara wa ile ya mwanzo. Hukomea kwenye asilimia 80 hivi. Ndiyo maana nguvu nyingi hazifai.

Lakini si kila mvuto unatoka kwenye kovu lenyewe. Misuli ya kifua na bega hukaza kwa woga, kama mtu anayekinga kidonda. Mionzi nayo hukaza ngozi na tishu zilizo chini yake, na ukazaji huo unaweza kujitokeza miezi au hata miaka baada ya matibabu. Isitoshe, mishipa midogo ya fahamu inayopita kwapani mara nyingi huguswa au kukatwa wakati wa upasuaji, kwa hiyo ngozi ya kwapa na ya ndani ya mkono hufa ganzi. Ganzi hiyo uikumbuke, maana nitairudia.

Kuna pia kile ambacho wagonjwa wenyewe hukiita kamba. Wiki chache baada ya upasuaji unainua mkono, unaona chini ya ngozi ya kwapa uzi uliokaza kama wa gitaa, pengine ukishuka mpaka kwenye kiwiko. Wengi hushtuka wakadhani saratani imerudi. Kwa kawaida ni mirija ya limfu iliyokaza baada ya mitoki kutolewa. Mtaalamu wa fiziotherapia anaijua na ana namna ya kuilegeza, na mara nyingi huisha yenyewe ndani ya miezi michache. Mwonyeshe aithibitishe. Usimruhusu mtu wa mtaani aikate kwa kuivuta.

Mazoezi yaanze mapema, yaende polepole

Mwaka 1952 Mmarekani aitwaye Terese Lasser alifanyiwa upasuaji wa titi wa mtindo wa zamani, uliokuwa ukiondoa na misuli ya kifua. Alipopata nafuu akaanza kuwatembelea wagonjwa wenzake vitandani akiwa na mfuko wenye mpira mdogo, kamba na titi la bandia. Mpira ulikuwa wa kuminya kiganjani, kamba ya kuvutia mkono juu. Zaidi ya miaka 70 imepita na upasuaji umekuwa mpole zaidi, lakini mfuko ule bado una maana: vifaa vyake unaweza kuvipata nyumbani kwako leo.

Siku za kwanza, mrija wa kutolea maji ukiwa bado upo, fanya madogo. Fungua na ufunge kiganja. Kunja na unyooshe kiwiko. Zungusha mabega nyuma, mbele. Vuta pumzi ndefu hadi mbavu zipanuke, uitoe taratibu. Kifua kinachobana humfanya mtu apumue juu juu bila kujijua. Chana nywele, nawa uso, kula kwa mkono huohuo kama ndio unaoutumia. Ila kiwiko kisipande juu ya usawa wa bega mpaka mrija utolewe na daktari aruhusu.

Akisharuhusu, haya manne yanatosha kuanzia.

Kupanda ukuta: simama ukiutazama ukuta, vidole vitembee juu kama buibui hadi pale ngozi inapovuta. Tulia hapo kwa pumzi tano, ushuke. Weka alama ya penseli ulipofika.

Kanga: lala chali juu ya mkeka, kunja kanga iwe kama fimbo, ishike kwa mikono miwili na uipeleke juu ya kichwa. Mkono mzima uusaidie mwenzake.

Kamba: ipitishe juu ya mlango imara au boriti, kaa kitini, vuta kwa mkono mzima ili ule mwingine upande.

Viwiko: weka viganja nyuma ya kisogo, viwiko vikitazamana mbele, kisha uvifungue pembeni taratibu.

Kila zoezi mara 5 hadi 10, mara mbili au tatu kwa siku. Kipimo ni kimoja: kuvuta kunaruhusiwa, kuuma kwa kuchoma hakuruhusiwi. Ukiamka kesho yake mkono umevimba kidogo au unauma kuliko jana, ulizidisha, punguza, usiache. Bora dakika kumi kila siku kuliko saa nzima siku ya Jumapili.

Na kama umepangiwa mionzi, hapo ndipo mazoezi hayangoji. Kwenye mashine ya mionzi mgonjwa hulala na mkono umeinuliwa juu ya kichwa, akatulia hivyo mpaka wamalize, siku kwa siku, mara nyingi kwa wiki 3 hadi 5. Mkono usioinuka unaweza kuchelewesha tiba yenyewe. Mama mdogo alilijua hili siku ya kupimwa kwa ajili ya mionzi, akiwa amelala pale na mkono umegoma njiani. Akarudishwa nyumbani na karatasi ya mazoezi ambayo angepaswa kuipata tangu mwanzo.

Mizigo iwekwe kando. Ndoo ya lita 20 ya maji ina kilo 20, na mtungi wa gesi nao si mwepesi. Kutwanga, kukuna nazi kwa muda mrefu, kubeba mtoto kwa mkono huo: yote yasubiri wiki 4 hadi 6, au muda atakaousema daktari wako. Kazi nyepesi za nyumbani, kinyume chake, ni dawa. Kufunga kilemba, kufungua kabati la juu, kuanika nguo nyepesi, kuinua mikono kwenye takbira: yote ni mazoezi yaliyovaa nguo za kila siku.

Kuchua kovu kwa vidole viwili

Hili watu huliuliza kwa kunong'ona: je, nikilichua kovu sitaisambaza saratani? Hapana. Kuchua kovu kwa upole hakusambazi saratani. Lakini kuna masharti. Jeraha liwe limefunga kabisa, nyuzi zimetoka, hakuna gaga, hakuna unyevu. Kwa wengi hiyo ni kuanzia wiki ya tatu au ya nne, na daktari aseme ndiyo. Ukiwa kwenye mionzi, acha kuchua eneo linalopigwa mionzi mpaka ngozi ipone. Na ukikuta uvimbe usiokuwepo jana, usiuchue. Upeleke hospitali.

Namna yenyewe ni hii. Nawa mikono. Kaa mahali palipotulia, mbele ya kioo ukiweza. Chukua tone la mafuta yasiyo na manukato; mafuta ya nazi ya kawaida au ya mgando yanatosha. Usipake mengi, vidole vitateleza juu juu bila kufanya kitu. Weka vidole viwili juu ya kovu, kandamiza kiasi, kisha sogeza ngozi ya juu ikitembea juu ya tishu za chini: kwenda juu, kushuka, kulia, kushoto, halafu miduara midogo. Hamia sehemu inayofuata, urefu wote wa kovu. Utakuta sehemu zinazocheza na sehemu zilizoganda. Zilizoganda zipe muda zaidi, si nguvu zaidi. Dakika 5 zinatosha mwanzoni, mara mbili kwa siku, na uzifikishe 10 ukishazoea. Wekundu kidogo unaotoweka baada ya muda mfupi ni wa kawaida. Wekundu unaolala na kuamka nao ni onyo.

Kwa wengine ugumu si wa vidole, ni wa macho. Kuna mwanamke anayeoga gizani ili asilione. Kama ni wewe, anza kwa kuligusa juu ya nguo. Kesho uliangalie kwa sekunde chache. Hakuna anayekufukuza.

Yale ya kukaa nayo mbali

Desturi zetu za kukanda ni za huruma, na mwanamke aliyejifungua huzikumbuka kwa shukrani. Tatizo ni pale mkono uleule wa huruma unapohamishiwa kwenye kifua kilichopasuliwa. Jirani mmoja mwenye nia njema alimkanda mama mdogo kwa kitambaa kilichochovywa kwenye maji moto yenye chumvi ya mawe. Mama hakulalamika. Hakulalamika kwa sababu hakusikia: ngozi ilikuwa na ganzi. Jioni tukakuta lengelenge kubwa kama sarafu ya shilingi mia. Iliwachukua wauguzi wiki mbili kulitunza.

Kwa hiyo maji ya moto na chupa za moto zisiguse eneo lenye ganzi au lililopigwa mionzi. Maji ya kuoga yawe vuguvugu, uyapime kwa mkono wa upande mzima. Hijama ya kukata, ile wazee waliyoiita kuumika, isifanywe upande uliopasuliwa, wala chale zisichanjwe huko. Mkono uliotolewa mitoki hauna walinzi wake wa zamani. Tundu dogo la wembe laweza kuleta maambukizi na uvimbe wa kudumu. Kwa sababu hiyohiyo vaa glavu ukilima au ukiosha vyombo, na ukipimwa shinikizo la damu au kuchomwa sindano, toa mkono mwingine inapowezekana.

Dawa za kuchulia misuli zinazowasha zisipakwe kwenye kovu. Vivyo hivyo limau, magadi na mkorogo wa kung'arisha ngozi, ambao mara nyingi huwa na steroidi isiyoandikwa kwenye kopo. Mafuta ya vitamini E yanasifiwa sana, lakini hayajathibitika kulainisha makovu, na baadhi ya watu huwatoa vipele. Usijifunge kanga kwa kukaza ukidhani unazuia uvimbe. Na dawa za maumivu za dukani, hasa zile zenye diclofenac au ibuprofen, usizimeze kila siku bila daktari kujua. Tumbo na figo vina kumbukumbu. Maumivu ya kuchoma kama umeme au pilipili hutoka kwenye mishipa ya fahamu, nayo yana dawa zake za kuandikiwa.

Kovu linapotutumka

Sisi wenye asili ya Afrika tunapata keloidi zaidi kuliko watu weupe. Keloidi ni kovu linalokua likavuka mipaka ya jeraha, likawasha na kuvuta. Kama ulishapata moja sikioni baada ya kutoboa au kwenye mkato wa upasuaji wa uzazi, mwambie daktari wa upasuaji kabla hajakukata, au mara tu jeraha likifunga. Kuna vipande laini vya silikoni vinavyobandikwa juu ya kovu lililofunga kwa saa 12 au zaidi kwa siku, kwa miezi miwili, mitatu au zaidi. Huoshwa na kurudishwa, kwa hiyo kipande kimoja hutumika siku nyingi. Vinapatikana kwenye maduka makubwa ya dawa. Vikishindwa, daktari anaweza kuchoma sindano za steroidi ndani ya kovu. Usikubali keloidi ikatwe tu na kuachwa hivyo. Mara nyingi hurudi kubwa kuliko ilivyokuwa.

Siku ya kutongoja kliniki

Nenda hospitali mara moja, bila kungoja tarehe ya kadi, ukiona lolote kati ya haya: kovu limekuwa jekundu, la moto au linatoa usaha, homa ya nyuzi 38 au zaidi, jeraha limefunguka, mkono wote umevimba, pete au bangili inabana, au unausikia mzito, pumzi inakatika au kifua kinauma ghafla. Mwone daktari pia ndani ya siku chache ukipapasa kijivimbe kipya kwenye kovu au kwapani, ukiona upele usioisha juu ya kovu, au kovu lililokuwa limelegea likaanza tena kukaza bila sababu. Mengi ya haya huwa na maelezo madogo. Hata hivyo saratani inaporudi mahali pake huweza kuanzia kwenye kovu, na anayelichua kila siku ndiye anayeligundua mapema. Hiyo nayo ni faida ya vidole viwili.

Useme nini, na kwa nani

Hospitali za rufaa zina idara za fiziotherapia: Muhimbili, KCMC ya Moshi na Bugando kwa Tanzania, Kenyatta ya Nairobi na Moi ya Eldoret kwa Kenya, na hospitali nyingi za mikoa. Wagonjwa wengi huamini idara hiyo ni ya waliovunjika miguu na waliopooza, kwa hiyo hawagongi mlango. Kovu la saratani ni kazi yao pia. Waliopasuliwa shingo, taya au kinena wanahusika vilevile. Mwenye kovu la shingo ambaye bega lake limeshuka asidhani ni uzee.

Ukifika kliniki, acha "naendelea vizuri." Daktari mwenye foleni ndefu atalipokea jibu hilo na kumwita anayefuata. Mpe vipimo: "Mkono wangu unaishia usawa wa sikio. Siwezi kulalia upande huu. Kwapani kuna kamba inayofika kwenye kiwiko. Nguo ya kufunga nyuma siivai tena." Kisha uulize manne: je, kovu langu limefunga kiasi cha kuchuliwa? Niinue mkono mpaka wapi kwa sasa? Nani atanifundisha mazoezi, na aniandikie? Nirudi lini kupimwa? Nenda na mtu wa kuyasikia majibu pamoja nawe, maana siku za hospitali masikio nayo huchoka.

Ndugu na waume, kazi yenu ipo. Msimfanyie kila kitu. Mkono usiotumika ndio unaoganda. Mbebeeni ndoo, mwachieni kamba ya kuanikia. Na mkimsikia anasema amepona, mwombeni ainue mikono yote miwili.

Wazee walisema mficha uchi hazai. Mama mdogo aliificha hali yake miezi miwili kwa heshima, asionekane analalamika baada ya Mungu kumpa uhai. Alipopelekwa fiziotherapia, mazoezi yalichukua wiki sita kabla mkono haujafika pale mashine ya mionzi ilipoutaka. Alama za penseli bado zipo kwenye ukuta wa chumba chake, kumi na moja, ya juu kabisa ikiwa shibiri mbili juu ya ya kwanza. Hakuna siku alama ilipanda zaidi ya upana wa vidole vitatu.

Jioni hii simama mbele ya kioo, inua mikono yako yote miwili. Mmoja ukibaki nyuma, kesho asubuhi chukua kadi yako uende kliniki ukawaonyeshe.